Mpini wa Ndoo

RISASI: Haloo? Ni nani?

DADA: Ni nani nini? Namba ya dada yako umeifuta?

RISASI: Aa, Dada! Shikamoo.

DADA: Marahaba. Uko—

RISASI: Siioni namba. Simu iko mfukoni kifuani, hii spika ya sikioni imepokea yenyewe. Habari za karakana?

DADA: Achana na karakana! Redio imesema gari namba saba limepinduka kwenye kona ya mwisho. Namba saba si wewe?

RISASI: Ndiyo mimi.

DADA: Uko wapi sasa?

RISASI: Niko garini.

DADA: Na gari liko wapi?

RISASI: Juu yangu.

DADA: Hebu rudia.

RISASI: Limelala chali, magurudumu yanatazama juu. Mimi nimening'inia kwenye mikanda. Lakini niko salama, usiwe na wasi.

DADA: Mungu wangu! Kigari chenyewe hakina paa, kimekulalia, halafu unaniuliza habari za karakana?

RISASI: Wewe ndiye uliyenifundisha kusalimia kwanza.

DADA: Usinifanyie mzaha! Shingo?

RISASI: Ipo.

DADA: Miguu?

RISASI: Wa kushoto umekufa ganzi, ila—

DADA: Petroli? Unasikia harufu?

RISASI: Inadondoka kidogo, hapa karibu na sikio. Swichi nimeshazima.

DADA: Waokoaji je?

RISASI: Naona viatu vyao. Wanaondoa kwanza gari la mwenzangu. Lilinipanda kwa nyuma, tairi lake likapita juu ya kichwa, ndipo nikapinduka. Dada, hii mikanda inanikaba, nafungua—

DADA: Thubutu! Ukifungua utaangukia shingo. Kaa hivyo hivyo.

RISASI: Petroli, Dada—

DADA: Nimeisikia petroli! Naogopa kuliko wewe. Usifungue. Ongea na mimi tu.

RISASI: Tuongee nini? Tangu juzi hatusemezani.

DADA: Na simu ndani ya gari la mashindano, si wamekataza?

RISASI: Wamekataza. Nilidhani labda utapiga.

[mtandao unakwaruza]

DADA: ...juzi ulinivunjia heshima, mdogo wangu.

RISASI: Sikukutukana wewe. Nilitukana bomba.

DADA: Bomba nililolikunja kwa mikono yangu, nikalifunga juu ya kiti chako likulinde kichwa! Nimeacha mageti ya watu, nimeacha madirisha, wewe unasimama mbele ya wateja wangu unaliita mpini wa ndoo.

RISASI: Lakini gari lilifanana na ndoo, tuseme ukweli.

DADA: Ukaapa utalifungua kabla ya mashindano. Ulilifungua?

RISASI: Haloo? Mtandao huku—

DADA: Mtandao uko sawa! Rafiki yako Mrefu alipopigwa na tairi kichwani akafa, gari lake lilikuwa wazi hivyo hivyo. Msibani ulilia mpaka mjane wake ndiye akawa anakubembeleza wewe. Mimi sitaki kuwa yule mjane. Niambie, bomba lipo?

RISASI: Lipo.

DADA: Unanidanganya?

RISASI: Ningekuwa naongea na wewe? Gari zima limekalia hilo bomba. Kati ya helmeti na lami panapita kiganja. Lami naiona vizuri tu. Ina nyufa.

DADA: Asante Mungu. Asante Mungu wangu. Kumbe ulinisikia.

RISASI: Hapana. Asubuhi nilichukua spana.

DADA: Enhe.

RISASI: Nati zikagoma. Nimezivuta mpaka nikateguka dole gumba. Zimegoma kabisa.

DADA: Najua.

RISASI: Unajuaje?

DADA: Nilizichomelea.

RISASI: Lini?

DADA: Juzi ile ile. Ulipotoka nje kuwalalamikia wapita njia.

RISASI: Na wateja wako wakakuona?

DADA: Chini kule ndani ya gari ni giza. Walinishikia taa.

RISASI: Loo. Na mimi nikawaaga kwa heshima zote.

DADA: Niliogopa tu usije ukatafuta msumeno.

RISASI: Niliutafuta. Nikaitwa kwenye mstari wa kuanzia kabla sijaupata. Haya, wamefika! Kaka, niko hapa! ...Nini? Dada, wanataka kukata bomba nitoke upesi.

DADA: Wasikate! Likikatwa gari litakukalia! Walinyanyue kwanza!

RISASI: Kaka! Weka msumeno chini! Nyanyueni gari! ...Usiliguse nimesema, hilo ni la dada yangu!

[vishindo, kelele, mtandao unakatika na kurudi]

DADA: Risasi? ...Risasi! Jibu basi!

RISASI: Nimetoka.

DADA: Umesimama?

RISASI: Nimekaa. Dunia inazunguka kidogo. Dada, unalia?

DADA: Nalia, ndiyo. Nilie kwa ruhusa ya nani?

RISASI: Basi, basi. Wananipeleka kwa daktari.

DADA: Nakuja huko huko. Upesi, salio langu linaisha. Bomba limepinda?

RISASI: Upande wa kushoto. Pana alama nyeusi ya tairi, hapo hapo kichwa kilipokuwa.

DADA: Nitakuchomelea jipya.

RISASI: Na nati?

DADA: Na nati.

RISASI: Haya. Safari hii taa nitakushikia mimi mwe—

[salio limekwisha]