Mama Eustadia Marko na Tuta la Ngulumbi

Tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Eustadia Marko, mchoraji mkuu wa ofisi yetu ya usanifu wa mabwawa hapa Mtendeni, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Aliingia mwaka wa 1962, bendera mpya ikiwa bado haijapauka kwa jua. Alishuka kwenye treni ya kutoka Bukene na sanduku la bati mkono mmoja na binti yake Josepha mkono wa pili. Alikuwa mjane kijana. Kazi aliyopewa ilikuwa kunakili michoro ya wengine kwa wino, na wengi walidhani angechoka kabla ya masika.

Hakuchoka. Baada ya miaka michache yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni kushika kalamu, na sote, hata waliomzidi umri, tukawa tunamwita Mama.

Walioingia kazini juzijuzi hawajui chumba cha michoro kilivyokuwa wakati ule. Madirisha yalikuwa wazi kuelekea barabara ya Gongoni, vumbi likiingia litakavyo, na karatasi zilikandamizwa kwa vijiwe alivyoviokota mwenyewe. Chai ilikuwa marufuku karibu na meza yake. Siku moja karani wetu Shomari alivunja sheria hiyo, kikombe kikamwagikia ramani. Kabla hatujapata karatasi nyingine akaingia mgeni mkubwa, akainama juu ya lile doa na kuuliza ziwa hilo linaitwaje. Mama Eustadia akajibu kwa utulivu, "Linaitwa Shomari." Mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea na ziara yake.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuchora grafu za hesabu za mabwawa. Injinia wetu Bernardo alikuwa akipiga hesabu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono: tuta likiwa na kimo hiki, maji yatakayobaki mwezi wa Oktoba ni kiasi gani? Kisha anaongeza kimo kidogo, mengine yote anayaacha vilevile, anapiga tena. Zamani majibu yale yalikaa kwenye safu ndefu za tarakimu ambazo hakuna mkubwa aliyezisoma. Mama Eustadia ndiye aliyeomba apewe yote, ayaweke kwenye karatasi moja ya miraba: mstari wa buluu kwa mwaka wa mvua nyingi, mweusi kwa mwaka wa kawaida, mwekundu kwa mwaka wa ukame. Mtu alitazama mara moja, akaona bwawa lote na maisha yake.

Mwaka wa 1974, wakati watu walipohamishiwa vijiji vipya, tuliletewa bwawa la Ngulumbi, upande wa Bukene, karibu na njia ambayo babu zetu waliipita na misafara kuelekea ziwani. Mpango uliokwisha kukubaliwa ulikuwa wa tuta refu. Kwa tuta lile maji yangefika kwenye nyumba za mwanzo za kijiji, na wenye nyumba, ambao hata paa zao zilikuwa bado mbichi, wangehama mara ya pili. Miongoni mwao alikuwa Limbu, kaka yake Mama Eustadia. Limbu alikuwa ameacha shamba la baba yao kwa amri, na tangu siku ile hakuwa akizungumza na dada yake aliyekula mshahara wa Serikali.

Mama alipoweka nukta, mistari ilipanda vizuri, kisha ikalala. Hata ule wa buluu. Kupita kimo fulani, tuta liliongezeka lakini maji ya Oktoba hayakuongezeka.

"Hizo za mwisho zimekosewa," alisema Injinia Bernardo. "Mstari upandishe tu, uende na wenzake."

"Siwezi kuupandisha mahali ambapo nukta hazipo," alijibu Mama. "Piga tena, Injinia. Ukipata tofauti nitaufuta mwenyewe."

Akapiga tena, majibu yakawa yaleyale. Bernardo hakuwa mtu wa kiburi. Alikaa akaitazama ile karatasi, kisha akasema pengine kuna mchanga pale juu na maji yanazama. Shimo moja la wapimaji lilionyesha hivyo, naye alikuwa ameingiza tarakimu zake kwenye hesabu bila kuzitilia maanani. "Twende tukaone," akasema. Mimi nilifuatana nao kubeba vifaa.

Ngulumbi tulikuta watu wamekaa uwanjani wakitungoja. Injinia alipoeleza kwamba huenda tuta likajengwa fupi, minong'ono ikaanza: kumbe hata maji tunapunjwa. Mama Eustadia akafungua karatasi yake, na hapo Limbu akasimama.

"Mlitutoa kule kwa karatasi," alisema. "Leo mmekuja na karatasi nyingine."

Nilimwona Mama akiikunja taratibu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa. Kisha akasema kwa Kinyamwezi, pole pole, "Basi tuiache, kaka. Njooni na jembe."

Tulipanda hadi mahali ambapo maji ya tuta refu yangefika, likachimbwa shimo la kina cha goti. Mama akaomba ndoo ya maji. Mke wa Limbu, Nyamizi, alikuwa nayo kichwani, ametoka nayo mbali.

"Wifi, maji haya nimeyafuata tangu alfajiri," alisema.

"Najua," alijibu Mama. "Na mimi nimeyafuata nikiwa mtoto. Nipe."

Nyamizi akamimina mwenyewe. Maji yalizunguka kidogo, yakazama, ukabaki mchanga uliolowa. Tukateremka hadi chini penye udongo mweusi, tukachimba tena, akamimina yaliyosalia ndooni. Yale yakatulia. Tulikaa pale mpaka kivuli chetu kikahama, nayo yakawa bado yapo, mbuzi akaja akanywa.

Limbu alichuchumaa karibu na shimo lile kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia dada yake. "Haya. Ile karatasi yako, hebu nionyeshe." Wakakaa chini wawili, kichwa kwa kichwa, Mama akimwongoza kidole juu ya ule mstari wa buluu. Tulipokuwa tukiondoka nilimsikia Limbu akimuuliza dada yake habari za Josepha.

Injinia Bernardo ndiye aliyekwenda kwa wakubwa kusema mpango wenye sahihi yake ubadilishwe. Alikaripiwa, naye alivumilia. Tuta fupi likajengwa, hakuna nyumba iliyobomolewa, na mvua zilipokuja kuchelewa Ngulumbi hawakukosa maji ya kunywa wao na ng'ombe wao.

Tunasikia Dar es Salaam imekuja mashine inayopiga hesabu na kuchora mistari yenyewe kwa dakika chache. Itakuja na hapa, na tutaifurahia. Lakini tutaukumbuka mlio wa kalamu ile chumbani mchana wa kiangazi, na nyimbo za kanisani alizoziimba kwa pua bila kujijua, na jinsi alivyokataa kabisa kuunganisha nukta kabla wino haujakauka.

Mama Eustadia, hukutuachia michoro tu, umetuachia na uangalifu. Ahsante kwa uvumilivu wako, na kwa wote uliowafunza, mimi nikiwa mmoja wao. Tunajua Limbu amekukatia kiwanja Ngulumbi, na Nyamizi amekwisha kukandika kuta. Nenda salama ukapumzike. Mungu akupe afya na miaka mingi kati ya ndugu zako, na kila asubuhi utakapofungua mlango uyaone maji.

Yahaya Saidi, kwa niaba ya wenzako wote wa chumba cha michoro.