Kule Shelisheli Wanangoja

Treni ilisimama kabla ya stesheni ya Makadara, na Nekesa akaanza kuchungulia dirishani kila mara. Alikuwa kibarua wa kiwanda cha sabuni, na jana tu dada yake alifutwa kazi kwa kuchelewa.

"Tulia, mama," alisema Kitonga, mchongaji aliyeketi kando yake. "Nimeuza vinyago Shelisheli. Kule kisiwani ukichelewa, watu wanakuwekea chai."

"Na mwenye kiwanda je?"

"Huyo mwenyewe huwa hajafika."

Nekesa hakucheka. "Huku wanaoningoja langoni ni wale wanaotaka kazi yangu."

Kitonga akavuta miguu yake kumpisha. Mbali kidogo, king'ora cha kiwanda kikaanza kulia. Treni ikajikokota hadi stesheni, ikasimama. Nekesa alivua viatu, akaruka chini na kukimbia.