Mama Hulda Katungu na Vichwa Alivyoosha

Bandugu na majirani, bote mwenye muliacha mashamba leo kwa kulia pamoja na sisi, Mama Hulda Katungu alizaliwa Musienene tarehe 12 Februari 1926, mutoto wa ine wa muzee Phinées na mama Tamar, akasoma kwa misioni miaka mitatu tu, maana mama yake alihitaji mutu wa kumusaidia kuchuma majani.

Kwa mama yule alijifunza kutibu mba na vidonda vya kichwa, kwa majani machungu ya mubirizi yaliyotwangwa na kuchemushwa, kisha mafuta ya mbono ya kulainisha ngozi, kazi ya kurudilia siku kwa siku mupaka magamba yaishe. Tarehe 9 Agosti 1947 aliolewa hapa Butembo na mwalimu Ézéchias Kambere, Mungu akabapa batoto batano, babili bakatangulia.

Mwezi wa tisa 1964 barebeli benye kupigana na serikali balimukamata Ézéchias, kwa sababu alikuwa analipwa na serikali ile. Mukubwa wao alikuwa na kichwa kilichooza, nzi zinamufuata, na Hulda akaenda peke yake kwao, akasema: “Nitakuosha siku saba, lakini bwana yangu akae hapa nimuone.” Siku ya munane bakamwachilia, yeye na Hulda bakarudi nyumbani kwa miguu.

Basoda ba serikali balipokamata muji tena, mumoja wao akasema huyu mama ndiye aliwapikia barebeli dawa ya vita, basi tarehe 2 Desemba akafungwa Beni. Kila walipomuuliza alijibu: “Niliosha kichwa, hapana kingine.” Ézéchias alimupelekea chakula kwa miguu kila juma mbili, katika mvua, mupaka kifua kikamushika, akafariki tarehe 11 Machi 1965. Hulda alifunguliwa siku kumi na nane baadaye, na habari ile aliipata kwenye mulango wa gereza.

Alipofika nyumbani alikuta bamama batatu uani na batoto benye vidonda. Alimwambia binti yake Clémence, “Nimechoka na vichwa vya batu,” akakaa kidogo, kisha akateleka maji.

Tangu Agosti 1968 miguu ilivimba, moyo ukalegea, akatuacha tarehe 6 Machi 1969, saa ine ya asubui.

Familia inashukuru munganga na bauguzi, majirani benye balimubeba mu tipoi, kile kitanda cha kubebea mugonjwa mabegani, na bamama ba kanisa benye balitulimia viazi. Benye kutaka kuoshwa kichwa, Clémence atabapokea juma lijalo, leo hapana. Mama Hulda, pumzika.