Maximilla na Jiko la Totiya la Mafubira

Padri wetu, sheikh wetu, wazee, wakwe, majirani wa Mafubira, na ninyi mliotoka Mbale asubuhi hii, mimi ni Brigid, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma wasifu wa dada yangu mbele yenu, na nikikwama kidogo mnivumilie, maana huyu ndiye aliyenilea.

Maximilla alizaliwa Mbale tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa mzee wetu Geresom, aliyetoka Bungoma akafungua duka la jumla karibu na soko. Alisoma palepale Mbale hadi kidato cha nne, akamaliza 1986, na mwaka uliofuata akaajiriwa mpishi katika hosteli ya masista. Hapo alimkuta Sista Refugio, Mmeksiko mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye alimfundisha vyakula vya kwao, hasa totiya, chapati nyembamba ya mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa. Sasa chokaa ya kupikia Mbale ingetoka wapi? Dada akachukua maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, yale tunayolainishia kunde, mahindi yakatoka maganda vizuri, na sista alipoonja alilia, akasema amemkumbuka mama yake.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na shemeji yangu Barasa, dereva wa malori ya njia ya Kenya, wakahamia hapa Mafubira, Jinja, Mungu akawajalia Tyson na Nangila, mnaowaona hapa mbele. Barasa ni mtu mwema, lakini tuseme ukweli, alikuwa Mbukusu wa zamani, kwake mwanaume akishatahiriwa haingii jikoni, na miaka yote hiyo hata chai alingoja aletewe.

Mwaka 2015 dada aliona watoto wa mtaa wanachekana kwa vyakula, Msoga anachekwa kwa viazi, Mgisu kwa malewa, yale machipukizi ya mianzi, Mnubi kwa gurusa, chapati zao nyembamba za maji, akachoka. Akaamua kuwafundisha chakula ambacho hapa si cha kabila la mtu, ili wote waanze wakiwa hawajui kitu. Kila Jumamosi walikanda totiya uani kwake, akiwasimulia Wameksiko wanavyosherehekea na wanavyowatengea wafu wao chakula, kisha kila mtoto alieleza kwao wanafanyaje, na kucheka kulikuwa marufuku mpaka mwenzako amalize.

Maneno hayakukosa, jamani. Wengine walisema anawalisha watoto chokaa ya kupaka ukuta, wengine wakasema anapikia mafuta ya nguruwe, na akina baba wakawaondoa wavulana wao, eti atawageuza wanawake. Hakugombana na mtu. Alimwita jirani yake Zaituni, akamkabidhi kikaango na mafuta yote ya darasa, na Waislamu wakatulia, lakini wavulana hawakurudi, kwa sababu baba zao walimtazama Barasa, na Barasa alikuwa amekaa barazani na redio yake. Hilo lilimuuma dada yangu sana, aliniambia mara nyingi, na aliomba awaone wavulana jikoni kabla hajafa.

Mwezi wa Februari 2025 alianza kushindwa kumeza, na madaktari wakagundua saratani ya koo. Ugali ulimshinda, wali ukamshinda, kilichopita ni totiya laini iliyolowekwa kwenye mchuzi wa maharagwe, na yeye hakuwa tena na nguvu ya kukanda. Basi Jumamosi moja Barasa alizima redio, akanawa mikono, akasimama kwenye foleni nyuma ya watoto, na Nulu, binti wa Zaituni mwenye miaka tisa, akamfundisha huku akimkaripia kwamba anabonyeza kama anayekanyaga breki. Totiya yake ya kwanza ilikuwa na pembe, lakini dada aliila yote. Jumamosi iliyofuata wavulana wawili walikuja, kisha wengine, naye aliwatazama kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi. Alituacha Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, masista wa Mbale, majirani, madereva wenzake Barasa waliombeba mgonjwa wetu na kuwaleta waombolezaji, na Zaituni, ambaye sijui nimshukuru vipi.

Wazee wetu jana walishauri jiko lifungwe, kwa kuwa mwenyewe hayupo na mjane mwanaume hawezi kukaa na masufuria. Barasa aliwasikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaniomba nitangaze hapa kwamba Jumamosi ijayo mahindi yatachemshwa kama kawaida, wasichana na wavulana waje na aproni zao, na atakayekanda ni yeye. Anayetaka kumcheka aanze na mimi.

Pumzika, Maximilla, dada yangu, pumzika kwa amani, usiinuke kuangalia moto, jiko lina mwenyewe.