Mwalimu Eseza na Ramani ya Kupumzika

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kiti hapo karibu, kaa. Kukaa ndiko habari yetu leo, maana tunamkumbuka Mwalimu Eseza wa Nabuyonga, hapa Mbale, mtafiti wa jiografia. Alituacha wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja.

Eseza alizaliwa Buwenge, upande wa Jinja. Polio ilimlemaza miguu akiwa mtoto wa miaka mitatu. Aliyembeba mgongoni kwenda shule ni kaka yake, Yekosofati. Kila siku, jamani, kwenda na kurudi!

Alipokuwa mtafiti, Eseza alichora ramani za aina yake. Zilionyesha mahali mtu aliyechoka anapoweza kukaa: baraza la duka, ngazi ya kanisa, jiwe. Alizunguka Mbale nzima kwa magongo yake. Wenzake wakacheka weee, yeye akaendelea kuchora.

Yekosofati naye alikwenda jeshini, akastaafu, akajenga Malukhu, hapahapa Mbale. Uzeeni magoti yakamgomea. Akaacha soko, akaacha kanisa, akaacha hata kumtembelea dada yake. Eseza akampelekea ramani ya Malukhu. Mzee akairudisha!

"Hizo ni za walemavu," alisema. "Mimi si mlemavu. Mimi ni mzee tu."

"Barabara haijui tofauti hiyo, afande," dada akamjibu.

Wakanuniana miezi minne. Na hilo ndilo Eseza alilolitafiti miaka thelathini, wasikilizaji: mlemavu na mzee wanachoshwa na njia ileile.

Siku ya mazishi kule Buwenge, tope lilizuia magari. Kutoka stendi hadi nyumbani kwao ni kama kilomita moja. Waombolezaji wakamwitia Yekosofati bodaboda. Akakataa katakata.

"Njia hii nilimbeba. Nitamzika kwa miguu yangu."

Hakufika mbali. Mbele ya mashine ya kusaga mahindi, magoti yalikataa kabisa. Hapo Gorreti, binti wa marehemu, akamkabidhi karatasi. "Mjomba, mama alisema nikupe siku ya kumzika."

Ilikuwa ramani ya njia hiyohiyo. Alama tatu tu: baraza la mashine, ngazi ya kanisa, jiwe la kisimani. Mzee akaitazama, akakaa barazani, akalia.

"Hapa ndipo nilipokuwa namtua," alimwambia Gorreti. "Namwambia, shuka, wewe umechoka. Kumbe ni mimi niliyekuwa nimechoka. Na mtoto yule alijua!"

Akapumzika mara tatu, palepale pa zamani. Waombolezaji wakamsubiri. Akafika kwa miguu yake, akamtupia dada yake udongo.

Pole sana, Mzee Yekosofati. Pole, Gorreti, na ukoo wote wa Buwenge na Mbale. Jumapili hii mzee ameonekana kanisani Malukhu, ramani mfukoni.

Nawe unayenisikiliza, toka kidogo, simama mlangoni pako. Tazama njia inayopita hapo. Aliyechoka atakaa wapi?