Kabati Haliwezi Kuvuka Daraja

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Fundi Saa, na tangu aweke televisheni ndogo juu ya droo za betri, kahawa inatupoea vikombeni. Kila siku saa kumi alasiri anashika pedi ya vitufe na kucheza gemu na binti yake aliyehamia mbali kikazi. Baba ana mashine ya kuchomeka kwenye televisheni, binti ana kompyuta, na bado wanakutana humo humo: watu wawili wamebeba kabati, huyu mbele, yule nyuma, wavuke daraja la mbao. Zamani simu yao ilikuwa salamu, umekula, nimekula, kwaheri. Siku hizi wanapiga soga saa nzima humo humo kwenye gemu, sauti ya binti ikitoka kwenye televisheni, na fundi anacheka hadi tunamwonea wivu. Ila kabati halivuki. Leo limetumbukia mtoni tena, fundi akaweka pedi chini amalizie saa ya mteja, na sisi uvumilivu ukatuishia. Aliyeanza ni Spika, tuliyempa jina hilo kwa sababu hanyamazi.

SPIKA: Tatizo ni mashine. Ya televisheni na ya kompyuta ni kama mtu na wifi yake. Watasalimiana, lakini kubebeana mzigo, sahau.

MSTAAFU (alikuwa karani): Si hivyo. Kampuni mbili tofauti hazifanyi kazi pamoja bila barua. Mashine ya binti inasubiri barua yenye muhuri.

MIMI: Na muhuri unapita wapi, kwenye waya?

MSTAAFU: Wewe shona viatu.

SPIKA: Halafu kuna uzito. Kompyuta ina vitufe karibu mia, pedi ina kumi na kitu. Upande wa binti ni mzito, kabati linalalia huko.

MSTAAFU: Basi ang'oe asivyotumia. Q na X, kwa mfano. Miaka thelathini ofisini sijawahi kuzigusa.

SPIKA: Na majira je? Kule wako nyuma saa mbili. Fundi akikanyaga ubao wa saa kumi, binti yuko kwenye ubao wa saa nane. Ule wa saa kumi kwake haujachongwa.

Hapo hata mimi niliyumba kidogo, maana lilisikika kama jambo la kisomi.

SPIKA: Shemeji yangu ni fundi wa kompyuta. Nampigia sasa hivi. Kesho mmevuka, mmemaliza.

Fundi Saa akatoa lenzi jichoni.

FUNDI SAA: Acha kwanza, Spika. Hakuna haraka.

SPIKA: Haraka ipo. Tunateseka hapa.

Mwenye ile saa, mama mmoja tuliyekuwa hatujawahi kumwona, alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi akitusikiliza.

MTEJA: Samahanini, jamani. Wakishavuka, ng'ambo kuna nini?

Spika akarudisha simu mfukoni. Wiki tatu tulikuwa tumelivusha lile kabati kwa mdomo, na hakuna aliyewahi kuuliza. Jibu lilitoka kwenye televisheni, maana binti alikuwa hajaondoka, na alikuwa amesikia yote.

BINTI: Hakuna kitu, mama. Gemu inaisha, tunarudi kwenye umekula, nimekula.

Fundi Saa alikuwa anafuta lenzi kwa pindo la shati, na ilikuwa imeshatakata zamani.

BINTI: Baba, usinikasirikie. Mimi ndiye ninayeliachia.

FUNDI SAA: Mara ngapi?

BINTI: Nyingi. Nusu, labda.

FUNDI SAA: Basi nusu nyingine ni yangu.

Kule binti alicheka mpaka akapaliwa. Huku baba alicheka machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Akachukua pedi.

FUNDI SAA: Shika upande wako, mwanangu, tukalidondoshe.

Tukasogea karibu na televisheni, mama mteja akiwa mbele yetu. Kabati lilifika katikati ya daraja, likainama, likazama, na benchi zima likapiga makofi.