Mwashi Anarudi Kazini

Kila asubuhi msichana wa chuo husoma kitabu ndani ya basi. Leo hakumaliza hata ukurasa.

"Mzee wangu, usimwegemee mume wangu," mjane wa kiti cha mbele alimwambia jirani yake, huku amekumbatia chombo cha majivu.

Mzee akashtuka. "Pole, dada. Unakwenda kuyamwaga mtoni?"

"Mtoni? Marehemu alikimbia hata maji ya kuoga! Nampeleka kazini. Wanangu ni waashi kama yeye. Leo wanamwaga zege la daraja la waenda kwa miguu, na baba yao watamchanganya humo."

"Ili watu wamkanyage?"

Msichana akajikuta amefunga kitabu. Basi likasimama. Mjane akainuka, kifua mbele.

"Wamkanyage, wavuke. Najivunia mume wangu. Hakumwangusha mtu akiwa hai, hataanza leo."